Betri imekufa mchangani, na Bibi yumo ndani



Wiki iliyopita kwenye kipindi niliitaja safari yetu ya Bidiya kwa sentensi moja tu. Nilisema "betri ilitutia adabu," tukacheka, tukahamia mambo ya harusi. Nilidhani yameisha. Kumbe nyinyi mmekamata pale pale. Meseji zimekuja kutoka Nizwa, kutoka Sur, kutoka Ibra, na karibu kila mmoja ana ami au kaka aliyenunua gari-nyumba lililotumika, na kila gari-nyumba lina betri inayokufa saa tatu za usiku. Si saa tisa mchana mafundi wakiwa wazi. Saa tatu za usiku.

Basi leo safu nzima ni hiyo. Nitahadithia yaliyotukuta, halafu nijibu masuali mawili ya jenereta, moja la Sur na moja la Nizwa. Na kwa kuwa wengi wenu mmeniambia kwamba maneno ya ufundi mnayajua kwa Kiarabu au Kiingereza lakini si kwa Kiswahili, nitakwenda taratibu.

Ami yangu alinunua gari lile mwanzo wa kiangazi. Limetengenezwa Ujerumani, lina miaka mingi kuliko mimi, vitanda vinne, jiko, friji, choo kidogo. Aliyemuuzia alimwambia "kila kitu kinafanya kazi," na kweli, siku ile kila kitu kilifanya kazi. Likakaa Ibra kiwanjani kwetu kiangazi kizima, jua la Ibra mnalijua. Mwezi wa Disemba, kishta zimeanza, Ami akasema safari hii Bibi lazima aje. Bibi hajalala nje ya nyumba miaka. Magoti hayamruhusu kulala chini kwenye hema, lakini kitanda cha gari je? Akakubali kwa sharti moja, dawa yake ipate baridi.

Dawa yake ni insulini. Hapa nieleze kidogo, maana ndiyo sababu mambo haya hayakuwa mzaha. Insulini isiyofunguliwa huwekwa kwenye friji, baina ya digrii 2 na 8. Ile ambayo umeshaanza kuitumia huweza kukaa nje kwa wiki kadhaa ikiwa hapana joto kali; karatasi iliyomo ndani ya boksi inasema ngapi, na mfamasia atakwambia. Lakini ya akiba inataka friji, na wala isigande. Bibi alikuwa na moja anayoitumia na mbili za akiba.

Usiku wa kwanza tulisimama Bidiya, pembeni kabisa, pale ardhi ngumu inapoishia na mchanga kuanza. Gari zito kama lile haliingii mchangani, msijaribu. Tukapika, tukanywa chai, Bibi akahadithia. Saa tatu taa zikaanza kufifia. Pampu ya maji ikawa inanguruma kama paka mgonjwa. Halafu friji ikazima.

Ami akasema, "Washa jenereta." Mtoto wa Ami akalitoa, akaliweka mchangani, akavuta kamba. Likawaka. Likazima. Akavuta tena, likawaka, likazima. Mara kumi. Upepo umeanza, baridi, mikono inauma. Mwisho likashika kidogo, na yeye, masikini, akaona atalikinga upepo. Akataka kulisogeza chini ya turubai, mlangoni kabisa, huku Bibi na Shangazi wamelala ndani.

Bibi alikuwa hajalala. Akauliza kwa dirishani, "Unalileta wapi hilo?"

"Hapa tu, Bibi, mlangoni. Nje kuna upepo."

"Mwanangu, hilo ni jiko la mkaa hilo, lina injini tu. Lirudishe huko."

Sikilizeni, katika makala hii nzima, kama mtashika kitu kimoja, shikeni hicho. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya sumu ile ile ya mkaa uliowashwa chumba kilichofungwa. Haina rangi, haina harufu, na mtu aliyelala haamki kukohoa, huendelea kulala. Jenereta huwekwa mbali na gari, mita 6 au zaidi, upande ambao upepo unauchukua moshi kwenda mbali na milango na madirisha. Si chini ya turubai, si baina ya magari mawili, si nyuma ya dirisha lililo wazi kidogo. Na ununue king'ora cha hewa hiyo, kile kidogo cha kubandika ukutani chenye betri yake mwenyewe. Mkiumwa kichwa nyote kwa pamoja, kizunguzungu, kichefuchefu, tokeni nje kwanza, ndipo mpige 9999.

Bibi amezaliwa Unguja, amerudi huku miaka ya sabini. Hajui jenereta. Anajua mkaa. Ilitosha.

Usiku ule dawa tuliiokoa kwa boksi la barafu la samaki. Tukaifunga kwenye taulo ili isigusane na barafu, maana insulini iliyoganda ni ya kutupwa. Tukalala na mablanketi, hapana taa.

Asubuhi Ami hakutaka maneno mengi. "Betri imekufa, tununue mpya." Tukarudi Ibra mpaka sanaiya, tukanunua betri mpya ya ampea-saa 100, ikafungwa, taa zikang'aa, tukaondoka kwenda Sur. Jioni tukafika Ras al Hadd. Saa tano za usiku taa zikaanza kufifia.

Betri mpya. Ya siku moja.

Hapo ndipo tulipokaa kitako na kuanza kufikiri, na hapo ndipo somo linapoanza. Betri ikifa, suali la kwanza si "ninunue ipi?" Suali ni moja katika matatu: je, betri yenyewe mbovu? Je, umeme hauingii? Au unaingia lakini kuna mahali unavuja? Sisi tulijibu kabla ya kuuliza, na jibu letu lilikuwa na bei.

Kwanza jueni gari-nyumba lina betri mbili. Moja ya gari, kazi yake kuwasha injini: hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, basi. Ya pili ni betri ya nyumba: taa, pampu, friji, feni, chaja za simu. Hii hutoa kidogo kidogo kwa masaa mengi. Baina yao kuna kifaa kinaitwa rilei. Injini ikiwaka, rilei inaziunganisha ili altaneta ijaze zote mbili. Injini ikizima, inazitenganisha, ili usiku mkimaliza umeme wa nyumba, asubuhi gari liwake. Ndiyo maana sisi gari liliwaka vizuri siku zote na ndani giza. Hiyo si ajabu, ndivyo ilivyotengenezwa.

Chombo unachohitaji ni mita ya umeme, ile ya waya mbili, nyekundu na nyeusi. Ya bei rahisi inatosha. Kabla hujagusa kitu, vua pete, vua bangili, vua saa. Chuma kikikutanisha vichwa viwili vya betri huwa chekundu sasa hivi, na pete haivuliki kwa haraka. Usivute sigara karibu, maana betri ikijazwa hutoa hewa inayoshika moto. Ukifungua waya, anza na hasi, ule mweusi; ukifunga, hasi uwe wa mwisho.

Sasa pima.

Mara ya kwanza pima betri ikiwa imepumzika masaa kadhaa, haijazwi na haitumiki. Betri ya risasi, ambayo ndiyo ya wengi, ikijaa husoma volti 12.6 mpaka 12.7 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 ina robo tatu hivi. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Chini ya 11.8 imekwisha, na kila siku inayokaa hivyo inazidi kuharibika. Jina linasema volti 12, na ndiyo maana watu wengi wakiona 12.0 hufurahi. Usifurahi. Na kumbuka, betri ya risasi haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo ile ya ampea-saa 100 hesabu una 50 tu za kutumia. (Ikiwa yako ni ya lithiamu, hesabu hizi si zako, volti zake hukaa pale pale karibu mpaka mwisho, kwa hiyo mita haitakwambia mengi.)

Mara ya pili pima injini ikiwa inawaka. Kwenye betri ya nyumba mita lazima ipande, isome baina ya 13.8 na 14.4 hivi. Isipopanda, umeme hauingii: fyuzi imeungua, rilei imekufa, au waya una kutu. Betri mpya haitakusaidia kitu, nayo itakuwa na njaa kama ya zamani.

Mara ya tatu pima mzigo ukiwepo. Washa taa zote na pampu, tazama mita. Ikishuka kidogo ikatulia, sawa. Ikiporomoka kutoka 12.6 mpaka chini ya 11 kwa taa tu, ama betri ina chumba kilichokufa ndani, ama kiungo ni kibovu. Kutofautisha ni rahisi: taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri chenyewe, na nyengine kwenye kibano cha waya kilichoshika kichwa hicho hicho. Yafaa isome karibu na sifuri. Ikisoma zaidi ya 0.2, umeme unapotelea hapo, kwenye kutu, na betri yako huenda haina kosa.

Watu wa Sur, hili ni lenu. Hewa ya bahari inatia chumvi kila kitu. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, fungua, changanya soda ya kuokea na maji ya moto (soda, si hamira, kuna mtu kwetu alikosea na sitomtaja), mwagia kidogo bila kuingia ndani ya betri, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha, kaza, paka vaslini. Dakika ishirini na haina gharama.

Turudi Ras al Hadd. Tulipima. Betri ya nyumba ikasoma 11.9. Injini ikiwaka ilipanda mpaka 14.1, kwa hiyo umeme unaingia. Vichwa safi, vipya. Tumebakiwa na moja tu: unavuja.

Tukazima kila kitu tunachokijua. Taa, pampu, feni, redio. Tukafungua boksi la fyuzi. Mtoto wa Ami akashika tochi, mimi nikashika mita kwenye betri, Ami akawa anachomoa fyuzi moja moja. Ya taa: 11.9. Ya pampu: 11.9. Ya feni: 11.9. Akachomoa ya nne, mita ikaruka 12.2.

"Rudisha." Ikashuka 11.9. "Chomoa." 12.2.

Ilikuwa friji.

Sasa skilizeni kisa cha friji, maana nina hakika kuna mtu Nizwa saa hizi anacho hicho hicho. Friji za magari haya ya zamani hula vitu vitatu: gesi, umeme wa nyumbani, na umeme wa betri. Kuna kitasa chenye picha tatu: moto, plagi na betri. Kwa betri hutumia kama wati 120. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 10. Betri yetu ina ampea-saa 50 za kutumia. Hamsini gawa kwa kumi: masaa matano. Tumezima injini magharibi, saa kumi na mbili. Ongeza masaa matano. Saa tano za usiku. Ilikufa kwa wakati wake, kama aliyeweka saa. Na ile ya kwanza, ambayo kiangazi kilishaidhoofisha, ilimudu matatu tu.

Friji hizo kwa betri zimekusudiwa safarini tu, injini ikiwa inawaka na altaneta inalisha. Ndiyo maana kiwandani huunganishwa kwa namna ambayo injini ikizima, friji nayo inakatika upande wa betri. Ya kwetu haikukatika. Tulipofuata waya, tukakuta mtu, sijui ni mmiliki wa kabla ya Ami au wa kabla yake, alikata njia ya mkato: alitoa waya moja kwa moja kutoka betri ya nyumba mpaka friji, kaipita rilei. Labda rilei ilikufa, akaona shida kutafuta spea. Yeye tatizo lake lilikwisha. Letu ndipo lilipoanzia.

Na kwa nini hatukutumia gesi? Kwa sababu mtungi wetu wa Ibra haukuingiliana na kifungo cha Kijerumani, na Ami alisema "baadaye." Jamani, gari-nyumba lililotumika ni mkusanyiko wa "baadaye" za watu tofauti, na wewe unazinunua zote.

Usiku ule tulichomoa fyuzi ya friji, dawa ikarudi kwenye boksi la barafu, na betri ikabaki na nguvu za taa mpaka asubuhi. Tuliporudi Ibra fundi akaurudisha waya unapostahili, akatafuta na kifungo cha gesi kinachofaa, akapima kwa povu la sabuni kama hakivuji. Ile betri ya zamani? Tuliijaza polepole kwa chaja siku nzima, tukaiacha ipumzike usiku: 12.3, na chini ya mzigo ikaporomoka. Kwa hiyo Ami alikuwa sawa kwamba ni mbovu. Lakini hakuwa sawa kwamba ndilo tatizo. Yanawezekana yote mawili pamoja.

Kama mvujo wako ni mdogo, gari likikaa wiki tu betri inakufa, njia ya fyuzi ni hiyo hiyo, ila unaweza kupima ampea: fungua waya hasi, pitisha mita baina yake na kichwa cha betri, ukiwa umezima kila kitu. Saa ya ukutani na king'ora hula kidogo sana, sehemu kadhaa tu za elfu ya ampea moja. Ukiona nusu ampea, kuna kitu. Lakini usiipime hivyo ukiwa na mzigo mkubwa kama friji yetu, utaunguza mita.

Haya, jenereta.

Suali la Sur: "Jenereta letu linawaka dakika mbili, halafu linazima. Oili ipo, petroli ipo. Kwa nini?"

La kwetu lilikuwa vile vile, na tulikuta sababu mbili. Ya kwanza ni mchanga. Majenereta mengi yana kifaa kinacholinda injini: oili ikipungua, kinazima. Kifaa hicho hakina akili, kinaangalia kimo cha oili tu. Ukiliweka jenereta kwenye mchanga ulioinama, oili inakimbilia upande mmoja, kifaa kinadhani imekwisha, kinazima. Wakati mwengine linawaka, mtikisiko unalizamisha mchangani taratibu, linapinda, linazima. Dawa yake ni ubao mpana. Liweke sawasawa juu yake. Basi.

Ya pili aliiona Bibi. Kutwa ya siku ya pili alikuwa amekaa kwenye kiti chake anatutazama tunavuta kamba. Akasema, "Hilo lina uchafu kooni. Zibueni."

Ami akamwambia kwa adabu, "Mama, hii si karabai."

"Inakunywa mafuta? Ina tundu? Basi ni karabai."

Kwa wasiojua: karabai ni ile taa ya pampu ya zamani, mafuta yanapita kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano. Tundu likiziba taa inakohoa na kuzima, na kila nyumba ilikuwa na pini ya kuzibulia. Jiko la stovu lilikuwa hivyo hivyo. Na kabureta ya jenereta, wallahi, ndivyo ilivyo. Petroli inapita kwenye tundu dogo. Jenereta likikaa kiangazi kizima na petroli ndani, joto linaikausha, inabaki gundi, gundi inaziba tundu. Likiwaka linakunywa yale machache yanayopita, halafu linakosa, linazima. Dalili yake: ukivuta choki kidogo linaendelea, ukirudisha linakufa.

Kwa hiyo: mwaga petroli ya zamani, tia mpya. Fungua kikombe cha chini cha kabureta, safisha, toa lile tundu, pulizia dawa ya kabureta. Ukitumia waya uwe mwembamba na laini, usilipanue. Tazama na filta ya hewa, ya Bidiya huwa na mchanga wa kutosha kujengea. Na kabla ya yote hayo, legeza kifuniko cha tangi: kikiziba pumzi, petroli haishuki, na jenereta huzima baada ya dakika kadhaa hivyo hivyo. Ukilegeza likaendelea kuwaka, umemaliza, nenda kanywe kahawa.

Tulipolifungua la kwetu, tundu lilikuwa limeziba kabisa. Bibi hakusema kitu. Aliomba chai.

Suali la Nizwa: "Nyumbani jenereta letu linaendesha eyakondishan vizuri. Tukipanda Jabal Akhdar linashindwa, linazima. Limeharibika?"

Halijaharibika, limepanda mlima. Injini inataka petroli na hewa, na juu hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 300 unazopanda, jenereta la kawaida hupoteza kama asilimia 3 na nusu ya nguvu zake. Saiq iko kama mita 2,000. Piga hesabu: karibu robo imekwenda. Jenereta la wati 2,000 likifika huko limebaki na 1,550 hivi, na eyakondishan ikianza huvuta mara kadhaa ya inachokula ikishatulia. Jawabu ni kupunguza mzigo: zima vyengine vyote kwanza, au tumia feni. Na yakhe, Jabal Akhdar usiku wa Januari unataka eyakondishan ya nini?

La mwisho kwa wanaotaka kununua. Angalia kibandiko cha umeme kwanza. Gari la Marekani na jenereta lake ni volti 120 na mizunguko 60. Sisi Oman ni 240 na 50. Ukilichomeka nyumbani bila ya kifaa cha kubadilisha, vitu vitaungua. Mwambie anayeuza azime injini, awashe taa na pampu, mkae nusu saa mnazungumza, na mita iko kwenye betri. Fungua boksi la fyuzi, tafuta waya ambao rangi yake haifanani na wenzake, huyo ana hadithi. Na ukishanunua, kiangazi usiliache kama tulivyoliacha sisi. Joto linaua betri kuliko baridi: kila digrii 10 hivi juu ya 25, umri wake unapungua kama nusu. Fungua waya hasi, ijaze kila mwezi, au itoe uiweke ndani kwenye kivuli penye hewa. Jenereta liwashe kila mwezi saa moja au mbili likiwa na mzigo wa nusu, au likaushe petroli kabisa.

Maneno ya wiki hii ni matatu, myatumie kwa wazee wenu mniambie wamesema nini. Kuzibua ni kufungua kilichoziba, tundu au bomba. Kuvuja ni kutoka kidogo kidogo bila kuonekana, maji, umeme, na hata siri. Njia ya mkato mnaijua, inafika haraka, ila kuna mtu mwengine atailipia.

Bibi ameuliza safari ya pili lini. Amesema anataka kurudi Ras al Hadd, lakini safari hii mita ataishika yeye.

Leteni masuali yenu. Na lile jenereta, mbali na mlango.